Zima Uwashe

Mpelekee fundi simu yeyote kifaa kilichoganda, awe wa Kariakoo, wa Luthuli Avenue jijini Nairobi au wa kibanda cha stendi huko wilayani, na kabla hajakishika vizuri atakuuliza: "Umeizima ukaiwasha?" Mteja anajibu kuwa hajafanya hivyo. Fundi anabana kitufe cha ubavuni, wote wawili wanaikodolea macho nembo ya kampuni kwenye kioo, na baada ya dakika moja au mbili simu inafunguka ikiwa nyepesi. Hapo hakuna malipo. "Haina shida hii, mama. Uwe unaizima mara moja moja ipumzike." Mama anashukuru na kuondoka, na wiki haijaisha amerudi na malalamiko yale yale.

Ushauri huo umeshakuwa mila. Tunautumia kwa ruta ya intaneti, kwa printa ya ofisini, kwa king'amuzi kinachokwama mpira ukiwa umefika kwenye penalti. Tumeuzoea hata hatuuhoji. Lakini mtu aliyedunduliza akanunua simu ya laki tatu ana haki ya kuuliza: kwa nini kifaa nilichokilipia kinidai nikizime ndipo kifanye kazi? Simu inachoka kweli? Na kama inachoka, mzigo wa kuipumzisha ni wa nani?

Tuanze na kinachotokea ndani. Simu ina sehemu mbili za kuwekea vitu, na lawama zetu nyingi hutokana na kuzichanganya. Mfikirie mwenye duka la rejareja. Ana kaunta, anakoweka anachokishughulikia sasa hivi, na ana stoo nyuma, ambako mzigo unakaa hata duka likifungwa. Kaunta ya simu ni ile RAM inayotangazwa kwenye boksi: GB 2, GB 3, GB 4. Stoo ni zile GB 32 au 64 zinazojaa picha na video. Kila programu unayoifungua huomba nafasi kwenye kaunta. Iliyoandikwa kwa uangalifu huirudisha ikimaliza kazi. Iliyoandikwa kwa haraka husahau, na kila saa huacha kitu kidogo pale juu ambacho hakuna atakayekuja kukichukua. Kosa hilo lisilorekebishwa hujilimbikiza kimyakimya mpaka pa kufanyia kazi panakosekana.

Android ina namna ya kujitetea. Nafasi ikibana, huchagua programu ambayo huitazami kwa wakati huo na kuiua. Ndiyo maana unajaza fomu nusu, unatoka kidogo kwenda kusoma ujumbe wenye namba ya malipo, na ukirudi unaikuta fomu tupu, imeanza upya. Mfumo pia huvibana vitu vilivyolala ili vichukue nafasi ndogo, kisha huvikunjua vinapohitajika. Kubana na kukunjua nako ni kazi: kunakula chaji, kunaleta joto, na joto likizidi prosesa hujipunguzia kasi isije ikaungua. Hapo ndipo unaandika neno zima na herufi zinajitokeza moja moja, zikiwa zimechelewa.

Ukizima na kuwasha, kaunta yote inafutwa. Vilivyosahaulika vinaondoka, programu zilizojificha zinakatwa, na mfumo unaanza na uwanja mweupe. Fundi hakukudanganya. Nafuu uliyoipata ni ya kweli, na sababu yake inaeleweka.

Wala si dawa ya mtaani tu. Mwaka 1985 Jim Gray, mtaalamu wa kampuni ya kompyuta ya Tandem huko Marekani, aliandika ripoti kuhusu sababu zinazofanya kompyuta zisimame. Alieleza kuwa makosa mengi yanayobaki ndani ya programu zilizokwisha kupimwa vizuri ni ya kupita: hutokea mambo fulani yanapokutana kwa bahati mbaya, na ukianza upya hayaonekani tena. Miaka 10 baadaye, watafiti wa Bell Labs wakiongozwa na Yennun Huang walikwenda mbele zaidi. Kwa nini tusubiri programu ianguke? Tuisimamishe wenyewe na kuianzisha upya, kwa ratiba, saa ambayo haiumizi mtu. Njia hiyo ilitumika hata katika mifumo ya kukusanya takwimu za bili za simu. Wataalamu hawa hawakuona haya kukiri kwamba programu huzeeka ikiwa kazini. Aibu waliyoikwepa ni ya kujifanya kwamba haizeeki.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa kabla yao. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kikiteremka kuelekea mwezini, kompyuta yake ilianza kutoa ishara za hatari, 1202 na kisha 1201. Maana yake ilikuwa kwamba imezidiwa, nafasi ya kufanyia kazi imekwisha. Rada ambayo haikuhitajika kwa wakati ule ilikuwa inaiibia muda. Kompyuta hiyo ilijianzisha upya mara kadhaa angani, watu wawili wakiwa ndani, na kila ilipojianzisha ilizitupa kazi ndogo na kuzishika zilizo muhimu: kuongoza injini na kujua chombo kilipo. Wahandisi wa MIT walioiandikia programu walikuwa wamekwisha kuwaza siku kama hiyo. Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitua salama. Kuanza upya kulikuwa sehemu ya ufundi wenyewe, na hakuna aliyemwambia Armstrong abonyeze kitufe cha ubavuni.

Hapa ndipo mzizi wa suala ulipo. Mashine kuhitaji kuanza upya si kosa. Kosa ni kuacha jambo hilo mikononi mwa mtu asiyeambiwa lini, kwa nini, wala nini kitatokea asipolifanya.

Gharama ya kosa hilo iliwahi kuhesabiwa kwa roho za watu. Katika Vita vya Ghuba, jeshi la Marekani liliweka mitambo ya Patriot huko Dhahran, Saudi Arabia, kutungua makombora ya Scud kutoka Iraq. Mtambo ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu moja ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu katika hesabu za kompyuta. Kila hesabu ilibakiza upungufu mdogo mno. Kwa saa chache haukuwa na madhara, na mtambo ulibuniwa ufanye kazi saa chache kisha uhamishwe. Dhahran uliachwa umewashwa zaidi ya saa 100. Upungufu ukafika theluthi moja ya sekunde, muda ambao Scud husafiri zaidi ya nusu kilomita. Usiku wa tarehe 25 Februari 1991 mtambo uliitafuta Scud mahali isipokuwepo. Kombora likapiga kambi na kuua askari 28.

Kinachouma zaidi ni yaliyotangulia. Waisraeli, nao wakitumia mitambo hiyo, walikuwa wameigundua kasoro hiyo na kuitolea taarifa wiki mbili kabla. Siku nne kabla ya shambulio, ofisi ya mradi iliwatahadharisha watumiaji wa mitambo kuhusu kuiacha imewashwa kwa muda mrefu sana, bila kusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Kuzima na kuwasha, kazi isiyozidi dakika mbili, kungeirudisha saa ya mtambo kwenye sifuri. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya shambulio.

Linganisha na yaliyotokea mwaka 2015. Vipimo vya maabara vilionyesha kuwa kwenye ndege ya Boeing 787 kihesabio kimoja ndani ya programu hujaa baada ya siku 248 za umeme usiokatika, na kikijaa, vidhibiti vya jenereta vinaweza kujizima vyote kwa mpigo, hata ndege ikiwa hewani. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo: umeme wa ndege ukatwe kabisa na kurudishwa kwa vipindi visivyozidi siku 120, mpaka Boeing ilete suluhisho. Kenya Airways ilikuwa imeanza kupokea ndege za aina hiyo mwaka uliotangulia. Air Tanzania ilipata ya kwanza Julai 2018. Abiria anayepanda 787 hajui habari hizi wala hana haja ya kuzijua. Kuna namba, kuna tarehe ya mwisho, na kuna fundi mwenye leseni anayetia sahihi. Tiba ni ile ile ya kibanda cha Kariakoo, tofauti ni nani anawajibika.

Simu yetu inafanana zaidi na Dhahran kuliko na ndege. Haiui mtu, ni kweli, lakini ushauri wake hauna namba. "Uwe unaizima mara moja moja." Mara moja kwa siku? Kwa mwezi? Na kwa kuwa tiba hiyo huleta nafuu kidogo kwa kila tatizo, inatuzuia kuulizia ugonjwa wenyewe.

Turudi stoo, maana kuzima na kuwasha hakuisafishi. Fungua simu ya mtu yeyote aliye kwenye kamati ya harusi. Kuna kundi la familia, la wazazi wa darasa la nne, la kwaya au la madrasa, la kikoba, na la msiba ambao arobaini yake ilishapita. Picha ile ile ya ua na "asubuhi njema" imeingia kutoka makundi matano. Kuna video ya dakika 12 ambayo hakuna aliyeitazama mpaka mwisho. WhatsApp hujipakulia picha yenyewe isipokatazwa, na mwenye simu huja kushtukia siku anapotaka kumpiga picha mtoto aliyevaa joho la chekechea, kioo kikamwambia nafasi imekwisha.

Stoo iliyojaa ni nzito kwa sababu za kifizikia. Chipu ya kuhifadhi haiwezi kuandika juu ya kilichokwisha kuandikwa. Lazima ifute kwanza, na inapofuta hufuta fungu zima. Nafasi ikiwa tele, usafi huo hufanyika usiku, simu ikiwa kwenye chaji na wewe umelala. Nafasi ikiwa kiduchu, chipu hulazimika kuhamisha, kufuta na kuandika papo hapo huku unasubiri. Google ilionja machungu hayo kwa kompyuta kibao yake ya Nexus 7 ya mwaka 2012, ambayo watumiaji wengi waliilalamikia kwamba inazidi kuwa nzito kadiri miezi inavyokwenda. Nafuu ilikuja na Android 4.3, Julai 2013, iliyoanza kuiarifu chipu mara kwa mara ni sehemu zipi hazina kazi tena. Wenye Nexus wangeweza kuzima na kuwasha kutwa kucha na wasiipate nafuu hiyo. Ilihitaji mtengenezaji akae mezani arekebishe kazi yake.

Betri nayo ni hadithi yake. Betri ikizeeka, hushindwa kutoa umeme wa ghafla prosesa inapouhitaji, na simu huzimika ingawa inaonyesha chaji ipo. Desemba 2017, baada ya John Poole wa Primate Labs kuchapisha vipimo vilivyoonyesha kasi ya iPhone za zamani ikishuka, Apple ilikiri kwamba programu zake hupunguza kasi makusudi kwenye simu zenye betri chakavu ili zisizimike. Kiufundi hoja ilikuwa na mashiko. Kosa lilikuwa kimya. Watu walinunua simu mpya wakati walichohitaji ni betri mpya. Apple iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na Februari 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. Italia ilikuwa imetangulia Oktoba 2018 kuziadhibu Apple na Samsung kwa masasisho yaliyozielemea simu za zamani.

Na bado hatujagusa uzito wa programu zenyewe. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, Mswisi aliyebuni lugha ya Pascal, alilalamika kwamba programu zinakuwa nzito haraka kuliko kompyuta zinavyopata kasi. Miaka 30 imepita na malalamiko yake yamehamia mifukoni mwetu. Google ilipotangaza Android Go mwaka 2017, ililenga simu za RAM ya GB 1 au pungufu, yaani simu za watu wa kipato chetu. Ilipofika Android 13, kiwango cha chini cha Go kilikuwa GB 2. Aliyenunua simu ya GB 1 kwa kuambiwa kwamba imetengenezwa kwa ajili yake aligeuka mtu wa jana bila simu yake kuharibika hata kidogo.

Huku kwetu jambo hili lina uzito ambao mwandishi wa programu aliyeko California, mwenye simu mpya kila mwaka, huenda asiuone. Mtazame wakala wa pesa kwa simu saa kumi na moja jioni. Foleni ina watu saba. Mteja ametaja kiasi, wakala ameingiza namba, na kioo kimeganda. Muamala umekwenda au haukwenda? Akizima simu sasa, ataiwasha baada ya dakika mbili bila kujua kama elfu hamsini za watu zimetoka. Asipozima, foleni inaanza kunung'unika na wawili wameshavuka barabara kwenda kwa wakala mwingine. "Subiri kidogo, mtandao," anasema, na mtandao wa watu unabeba lawama isiyo yake. Kwa mtu huyu dakika mbili za nembo kioo kizima ni kamisheni iliyopotea, na hakuna wa kumfidia.

Nisieleweke kwamba napinga kuzima na kuwasha. Kuna sababu nyingine nzuri ya kufanya hivyo ambayo haihusiani na kasi. Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linashauri simu izimwe na kuwashwa mara moja kwa wiki, kwa sababu baadhi ya programu za udukuzi hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu na hufa simu ikizimwa. Tena simu iliyotoka kuwashwa hubaki imejifunga kabisa mpaka mwenyewe aingize namba ya siri. Alama ya kidole haitoshi. Kwa sababu hiyo, tangu mwishoni mwa 2024 iPhone iliyokaa imefungwa siku tatu bila kufunguliwa hujiwasha upya yenyewe, na Google ilitangaza utaratibu kama huo kwa Android mwaka 2025.

Habari hiyo inathibitisha ninachokisema. Kumbe simu inaweza kujizima na kujiwasha bila kumsumbua mtu. Kumbe inaweza kujua kwamba usiku wa manane, ikiwa mezani kwenye chaji, hakuna muamala wala simu inayopigwa. Baadhi ya simu za Android zina mpangilio huo tayari, umefichwa ndani ya mipangilio ambako wenye simu wengi hawafiki. Watengenezaji waliona haja pale data zilipokuwa hatarini, wakafanya. Kwa nini wasifanye hivyo pia kwa muda wa wakala na subira ya mama wa kamati ya harusi?

Hukumu yangu ni hii. Simu nzima inayohitaji kuzimwa na kuwashwa mara moja kwa wiki haina kosa. Izime Jumapili jioni, endelea na maisha. Simu inayohitaji hivyo kila siku inadai kitu kingine, na ni vyema uulize kwa mpangilio: stoo imejaa? Acha angalau sehemu moja ya kumi iwe wazi, na zuia WhatsApp kujipakulia. Betri imechoka? Ibadilishe kabla hujabadilisha simu. Kuna programu moja inayokula kaunta yote? Mipangilio ya simu itakuonyesha jina lake, ifute. Haya yote yakishindikana, tatizo ni la aliyekuuzia kifaa kidogo kuliko programu zilizomo.

Kwa wenye mamlaka, ombi ni fupi. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu zinazoingizwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa ziendelee kupewa masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano baada ya modeli hiyo kuacha kuuzwa, na betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800. TCRA ya Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya tayari hukagua simu kabla hazijaruhusiwa sokoni. Ziongeze masharti mawili: boksi liandikwe simu itapewa masasisho kwa miaka mingapi, na liandikwe baada ya mfumo kuchukua nafasi yake mteja anabakiwa na GB ngapi. Mnunuzi akiyajua hayo pale dukani, atajua anachonunua, na fundi wa Kariakoo atalipumzisha swali lake.